Mshono wa Kushoto

Kabla daktari hajatwambia
mie nilishajua kwa sikio.
Miaka thelathini na moja nalala upande wa ukutani,
na ukuta wangu wa pili ni kifua cha Shaame.
Kilikuwa kikienda kama cherehani yake,
tu-tu, tu-tu, kitambaa kinapita, hakuna mkunjo.
Mwaka ule kikaanza kwenda tu… na tu,
mguu mmoja ushafika mlangoni,
mwengine bado unatafuta kiatu.

Mto ukawa miwili, ikawa mitatu,
mwisho akalala kakaa, kama abiria.
Nikimkanda muundi, dole gumba langu
linaacha kishimo, nacho hakijifukii.
Chumvi nikaiondoa jikoni. Papa nikampa jirani.
Chukuchuku bila chumvi: ndimu tupu na subira.
"Mize," akasema, "samaki huyu kafa mara mbili."

Tukavuka mpaka Dar. Daktari, binti mdogo,
akachora moyo mgongoni mwa bahasha:
vyumba vinne, na ukuta kati.
"Umeme wa moyo unashuka hivi. Kulia unafika,
kushoto unachelewa. Pande hizi zinakaza kwa zamu,
na zilitakiwa zikaze pamoja."
Shaame akaitwaa bahasha, akaigeuza,
yeye aliyetibu cherehani za nusu ya Wete.
"Basi uzi wa juu na uzi wa chini havikutani."
"Ndivyo."
"Na kitambaa hakijachanika?"
"Hakijachanika. Kimelegea."

Kidude chenyewe si kikubwa kuliko kiberiti.
Nyaya tatu. Mbili zinaingia moja kwa moja;
ya tatu inapita mshipani, inazunguka nyuma,
kama shoga apitaye mlango wa uani
kumwamsha huyu wa kushoto, mzito wa usingizi.
Nikauliza: ndio moyo mpya?
"Hapana, mama. Ni ule ule, tunaufundisha mwendo.
Vidonge haviachwi. Na wako tunaowatia
wasione tofauti yoyote."
Nilimpenda kwa hilo la mwisho.
Nani anakuuzia dawa akakwambia hilo?

Siku tuliyorudi, Utaani nzima ilikuja.
Bi Riziki akanivuta pembeni:
"Shoga, waya wa baharini ukizima kisiwa kizima,
mumeo naye je?"
Nikacheka mpaka wali ukashika ukoko.
Ana betri yake, nikamwambia,
miaka saba, inshallah minane.
Usiku ule umeme ukakatika kweli,
na mie niliyecheka
nikampapasa kifuani kizani.
Kinakwenda.

Wiki sita mkono wa kushoto usipite bega.
Kanzu za Idi akashona Faki, mwanafunzi,
na kila kola Shaame aliifumua kwa macho.
Usiku mmoja akauliza, polepole,
kama anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua:
"Wakiniosha, Mize, hiki kitakuwa bado kinapiga?"
Sikuwa na jawabu. Asubuhi nikampigia binti.
Akanyamaza kidogo. "Kitapiga," akasema,
"lakini moyo hautakisikia."
Nikamfikishia kama nilivyopewa.
Akakaa nalo mpaka chai ikapoa.
"Adhana kwenye mji uliohamwa," akasema,
akaomba kikombe chengine.

Sasa ni mwezi wa tano. Mto mmoja na nusu.
Mlima wa Limbani alikuwa akisimama mara tano,
sasa mara mbili, na mara moja ni kwa kusalimia watu.
Nikiweka sikio, si ule mwendo wa ujana:
huu una adabu ya kuajiriwa,
tu-tu, tu-tu, haukimbilii sikukuu.
Nami nimeuzoea, kama nilivyozoea miwani yake.

Jana kakaa kwenye cherehani mwenyewe.
Kila shati lake kalitia mfuko wa ndani, kushoto,
wa kuwekea kadi ya kidude.
Nikauvuta kwa vidole viwili. Mshono wa mara mbili,
haukutoa sauti.
"Na papa je?" akaniuliza, sindano mdomoni.
"Papa, hapana."